Shajara ya mradi: hereni na vidani vya tepe za kusuka kwa sare ya sendofu

Kazi yenyewe ni hii. Akina mama wa upande wa bibi harusi, wengi wao wa Kitangiri na Pasiansi hapa Mwanza, wameshona sare ya kitenge cha bluu iliyokolea chenye maua ya dhahabu. Wanataka mapambo ya kuendana nayo: jozi ya hereni kwa kila mmoja, na vidani vitatu kwa mama mzazi, mama mdogo na shangazi. Shanga za plastiki wamezikataa. Nimewaahidi vifungo vya kuvikwa kitambaa, ila kitambaa chenyewe nitakisuka mimi kwa tepe nyembamba za satini, bluu kwenye mtande (tepe za kwenda) na dhahabu kwenye mshindio (tepe za kukatiza).

Jambo ninalolisimamia katika kazi hii nalisema mapema: pambo la kitambaa hupimwa kwa unene wake na kwa mgongo wake. Sura ya mbele humvutia mtu dukani. Lakini kama lile tabaka la ndani ni nene kuliko gamba la kifungo linavyoweza kubeba, kifungo kitaachia katikati ya ngoma, na kama mgongo umeachwa wazi, mvaaji atakwaruzwa shingo usiku mzima. Kwa hiyo humu nitazungumza zaidi habari za ndani na nyuma kuliko za rangi.

Jumatatu, kupanga vipimo

Vifungo vya kuvikwa huuzwa kwa namba, na namba hizo hazimaanishi milimita. Zinahesabu kipimo kiitwacho laini, jina lililotoka kwa Wafaransa, na laini 40 za vifungo hufanya inchi 1. Laini moja basi ni kama milimita 0.635. Ukishajua hilo hupati shida: namba 24 ni takriban milimita 15, namba 30 ni 19, namba 36 ni 23, namba 45 ni 29, na namba 60 ni 38. Wauzaji wengi huchanganya namba kwenye pakiti moja, kwa hiyo nakwenda na rula.

Kwa hereni nimechagua namba 36. Sababu ni upana wa utepe. Tepe ninazotumia zina milimita 3, na kwenye uso wa milimita 23 zinaonekana saba na kidogo. Saba ni witiri, maana yake upo utepe mmoja unaopita katikati kabisa, na mchoro unakaa sawa pande zote. Ukitumia utepe wa milimita 6 kwenye kifungo hicho hicho utaona miraba mitatu mikubwa na vipande vilivyokatika pembeni, na jicho halitulii. Namba 45 inabeba tisa, nayo nimeiweka kwa ajili ya kidani.

Kifungo kina sehemu mbili: gamba la mbele lenye meno madogo kwa ndani, na kibati cha nyuma, chenye kitanzi cha waya cha kushonea, kinachoingia humo na kubana kitambaa. Wazo la kufunga bati mbili kwa kingo zake huku kitambaa kikiwa katikati linahusishwa na Bertel Sanders, mtengenezaji mwenye asili ya Denmark aliyefanya kazi Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo vifungo vya kitambaa vilishonwa kwa sindano, kimoja kimoja. Nafasi kati ya gamba na kibati ni ndogo sana, kwa sababu imekadiriwa kwa kitambaa kimoja chepesi. Mimi naingiza tabaka mbili za satini na gamu, yaani kitambaa cha kukazia chenye gundi, chini yake. Ugumu wa mradi wote umejificha kwenye ufa huo.

Jumatano, Makoroboi na Mlango Mmoja

Nimeanza Makoroboi mapema kabla jua halijapanda. Kijana wa duka la vifaa vya ushonaji alinitolea tepe za maua zilizofumwa na kuniambia zitapendeza zaidi.

"Shikamoo mama. Hizi ndizo zinazotoka sana kwa maharusi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nigeuzie nione nyuma."

Ukigeuza utepe wa maua, unaona nyuzi zinazoelea mgongoni kutoka ua moja hadi jingine. Ua halikuchapwa, limefumwa, kwa namna iliyoenea baada ya Joseph Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, kuleta mtambo wake wa kadi zenye matundu mwaka 1804. Ni utepe mzuri sana kwa mkanda wa kiunoni au kwa kidani kilicholala bapa. Kwa kifungo haufai, kwani nyuzi hizo zinazoelea zinaongeza unene, na ukizikata kwenye duara zinafumuka. Nimechukua pande moja tu la kutazama.

Satini niliyoitaka lazima iwe poliesta. Nilimwomba kijana anikatie ncha, nikaiwasha kwa kiberiti mbele yake: poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu, wakati reyoni huungua na kuacha majivu. Ninaihitaji ile inayoyeyuka kwa sababu ncha zake huzibwa kwa moto wa mshumaa. Nimechukua robota la bluu na la dhahabu, kila moja yadi 100, ambazo ni kama mita 91.

Hesabu yangu ya tepe iko hivi, na nadhani itamsaidia yeyote anayepanga kuuza. Nasuka shuka ndogo ya sentimita 20 kwa 20. Inahitaji tepe 66 kwenda na 66 kukatiza, kila moja sentimita 24 ili pabaki sentimita 2 za kushikia kila upande. Hiyo ni karibu mita 32 za utepe, nusu bluu nusu dhahabu. Shuka hiyo inatoa miduara 16 ya hereni. Kila kifungo basi kinakula mita 2, na jozi mita 4. Robota mbili zinatosha shuka 5, yaani jozi 40, na kinachobaki ni cha vidani. Watu wanaposhangaa bei ya hereni ndogo kiasi hicho, nawaonyesha mita 4 za utepe nimezikunjua mezani, na mazungumzo yanabadilika.

Kutoka hapo nilipita Mlango Mmoja kwenye mitumba. Nilikuwa natafuta masweta ya sufu, sufu halisi ya kondoo, hata yenye matundu. Ukilichemsha sweta la sufu na kulisugua kwa sabuni linajikaza, linakuwa zito na halifumuki tena ukilikata. Hiyo ndiyo migongo ya mapambo yangu. Sijaona kitambaa cha dukani kinacholingana nacho kwa upole kwenye ngozi.

Alhamisi, kusuka

Nasukia juu ya boksi gumu lililokunjwa mara mbili. Kwanza inalala gamu, ile wanayotumia mafundi kwenye kola, upande wa gundi ukiwa juu. Nimechukua nyepesi kuliko zote. Kisha natanda tepe za bluu zikigusana bila kupandana, kila ncha na pini yake. Halafu mshindio wa dhahabu unaingia: juu ya mmoja, chini ya mmoja, na mstari unaofuata unaanza kinyume. Navuta utepe kwa sindano butu yenye tundu pana, na kila baada ya mistari mitano nasukuma yote kwa kitana ili pasiwe na mwanya.

Satini ina uso na mgongo. Usipokuwa mwangalifu utepe unajigeuza njiani, na doa lake lisilong'aa litaonekana pale pale utakapotaka kukata. Nashika kila utepe kwa vidole viwili tangu unapoingia mpaka unapotoka. Ni kazi ya kukaa chini na kutulia, na mimi naipenda kupita zote. Bibi yangu wa upande wa Ukerewe alisuka mikeka ya ukindu, na hesabu ya "juu, chini" niliisikia kwake kabla sijajua kusoma.

Shuka ikijaa, natandaza kitambaa cha pamba juu na kupiga pasi ya wastani, nikibonyeza bila kuburuta. Satini ya poliesta haipendi moto wa pamba, inasinyaa na kupoteza mng'ao. Umeme ulikatika nikiwa kwenye shuka ya pili, nikawasha pasi ya mkaa, ambayo kwa kazi hii inafaa ukiijaribu kwanza kwenye kipande cha utepe kilichobaki na kuiacha ipoe kidogo. Gamu ikishashika, shuka yote inanyanyuka kama kitambaa kimoja.

Pini nazitoa siku hiyo hiyo. Hewa ya ziwani ina unyevu, na wakati wa mvua pini ya chuma ikilala usiku kwenye satini inaweza kuacha alama ya kutu isiyotoka.

Jumamosi, kuvika vifungo

Leo ndiyo siku ya unene.

Kwa kawaida mduara wa kitambaa unakaribia mara mbili ya upana wa kifungo. Kwa namba 36 nakata milimita 42. Kabla ya kukata nachora duara na kulizungushia mshono wa cherehani milimita 2 ndani ya mstari, kwa sababu gamu peke yake haiwezi kuzuia tepe zisitoke pembeni. Kipimo changu nimekikata kwenye plastiki ya chupa ya maji na kukichora msalaba, ili niweze kuona mraba upi unakaa katikati. Katika jozi moja hereni zote mbili lazima ziwe na mraba wa dhahabu katikati, au zote wa bluu. Moja ya bluu na moja ya dhahabu zitaonekana ni za watu wawili.

Nilipovika kwa namna ya kawaida, kibati cha nyuma kiliingia nusu na kugoma. Nimejaribu njia kadhaa, na iliyonishawishi ni hii. Kwenye ukingo unaokunjwa ndani, natoboa vijipembe vidogo kwa mkasi, kama kumi kuzunguka, ambavyo ncha zake zinaishia milimita 4 kabla ya uso. Kisha kwa ncha ya sindano navuta na kutoa vipande vya mshindio vilivyobaki kwenye ule ukingo, ili kinachokunjwa ndani kiwe tabaka moja la tepe na gamu badala ya mbili. Uso unabaki umesukwa kamili, na ukingo unakuwa mwembamba. Halafu nashona mshono mrefu wa kukimbiza kwa mkono kuzunguka, naingiza gamba, navuta uzi na kukaza, na kusambaza mikunjo ili isirundikane upande mmoja. Kibati naking'ang'aniza kwa rili ya uzi iliyokwisha: tundu lake linapokea kile kitanzi cha waya, na mbao inagawa nguvu sawasawa. Kikilia "tak" kimekaa. Kisipolia nakifungua, sikilazimishi kwa nyundo, maana nyundo inabonyeza gamba mbele.

Fundi mmoja jirani ana mashine ya mkono ya kubana vifungo, na aliniruhusu kujaribu. Kwa kitenge cha kawaida mashine ile ni neema, inafunga haraka na kwa usawa. Kwa kitambaa changu cha tepe inakata mikunjo kwa sababu haiwezi kuhisi mahali palipojaa. Hizi nitaendelea nazo kwa mkono na subana.

Kuna faida moja nzuri ya tabaka mbili. Satini moja ya rangi nyepesi ikivikwa peke yake huonyesha bati chini, na mafundi hulazimika kuweka popelini ndani. Hapa bati halionekani kabisa, kwa hiyo sihitaji bitana, na unene ule ningeutumia kwenye bitana nimeutumia kwenye msuko.

Jumapili

Migongo tu. Nimekata miduara ya sufu. Kazi nyingine imesubiri.

Wiki iliyofuata, migongo na vijiti

Hereni za kijiti kinachopita kwenye tundu la sikio zinahitaji mgongo bapa, kwa hiyo kitanzi cha waya nakitoa kwenye kibati kwa koleo kabla ya kuvika. Nakibana kutoka pande mbili, kinajikunja na kutoka. Kibati nakisugua kwa msasa, nakipangusa kwa spiriti, na kubandika kisahani cha hereni kwa gundi ya sehemu mbili, ile ya kuchanganya. Gundi ya moto ya bunduki nimeiacha. Inashika haraka, ila inalainika joto likizidi, na hereni iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari mchana wa Mwanza itaachana na kisahani chake. Gundi ya papo kwa papo nayo inapanda kwenye utepe, inaukausha na kuacha weupe. Ya kuchanganya inataka usiku mzima, na mimi ninao usiku.

Juu ya kisahani inakaa sufu, imetobolewa katikati kupitisha kijiti, na kushonwa kuzunguka kwenye ukingo wa kitambaa kwa mishono midogo iliyofichika. Hapo ndipo hereni inapokuwa nguo iliyokamilika. Mvaaji hataiona, ila ngozi yake itaijua.

Vijiti nimechagua vya stenlesi. Kuna watu masikio yao yanawasha na kutoa maji wakivaa chuma kinachoachia nikeli nyingi kwenye ngozi, na katika kundi la akina mama wa rika mbalimbali lazima wawepo. Niliwauliza mmoja mmoja. Wawili walisema waliacha hereni miaka mingi kwa sababu hiyo, na mmoja hana matundu kabisa, huyo nitamtengenezea bruchi ya namba 60 yenye pini nyuma.

Kuhusu mchoro: mduara hauna juu wala chini, kwa hiyo uamuzi wa miraba au almasi unafanyika wakati wa kubandika. Ukizungusha kifungo robo ya nusu, miraba inasimama kwa ncha zake na kuwa almasi. Akina mama walipewa kuchagua, na almasi imeshinda kwa sauti kubwa.

Vidani

Hapa nimejiachia zaidi. Kidani ni msuko bapa wa tepe nne za milimita 6, mbili bluu na mbili dhahabu, na katikati kifungo cha namba 45 kikiwa na namba 36 kila upande. Kusuka kunakula urefu, kama mara moja na nusu, kwa hiyo kwa kidani cha sentimita 40 nakata kila utepe sentimita 65. Kila utepe unapovuka mwenzake lazima ukunjwe ulale, ukiupinda tu unakuwa kamba.

Pambo la duara kifuani si geni kwetu huku. Watemi wa Usukuma na Unyamwezi walivaa duara lililokatwa kwenye kombe la konokono wa baharini, lililofika bara kwa misafara ya pwani. Nimelifikiria hilo nikiweka namba 45 mahali pake, ndiyo maana sikukipamba tena kwa shanga pembeni. Duara moja kubwa limeachiwa nafasi yake.

Kwa vidani kitanzi cha waya kinabaki, kwa kuwa kifungo kinashonwa. Uzi wa cherehani haunitoshi hapo, kifungo kikubwa kinacheza na waya unaukata. Nikaenda Mwaloni, Kirumba, kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, kununua uzi wa nyavu. Mzee muuzaji aliniuliza kama naunda wavu wa sangara au wa sato.

"Nashonea vidani, baba."

"Basi chukua huu mwembamba, mayu. Ule mwingine utakutoboa vidole."

Alinipa 210/6, maana yake nyuzi 6 za denia 210 zilizosokotwa pamoja, na denia 210 ni uzi ambao mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 210. Ni mwembamba, hauozi kwa jasho, na umezoea kuvuta samaki. Ncha nazizima kwa mshumaa baada ya fundo. Nyuma ya msuko wote nimeshonea ukanda wa sufu ile ile, ili vitanzi visiguse shingo, na mwisho kulabu ya stenlesi yenye mnyororo mfupi wa kurefusha, kwani shingo ya shangazi na ya mama mdogo hazilingani.

Jaribio la kuvaa

Nilimpa mdogo wangu jozi moja na kidani kimoja, nikamwambia avae kazini, aoshe vyombo navyo, apande daladala navyo, na Jumamosi acheze navyo. Vimerudi vizima. Kifungo hakijaachia. Utepe mmoja wa dhahabu ulinyanyuka kidogo pembeni mwa hereni ya kushoto, pale unaposugua simu. Hilo nimelitibu kwa kuongeza mshono wa mkono usioonekana kwenye tepe mbili za pembeni, kabla ya kuvika, upande wa sikio linaloshika simu na hata ule mwingine.

Mama mdogo alipoletewa chake alikigeuza kwanza nyuma, akapitisha kidole kwenye sufu, ndipo akakitazama mbele. Nilifurahi kupita ninavyoweza kueleza.

Hali ilivyo leo

Jozi zote za hereni zimevikwa. Zilizobaki ni migongo ya zile za mwisho na gundi yake kukauka. Vidani viwili vimekamilika. Cha mama mzazi kinasubiri gamba la namba 45, maana niliyonayo yana kingo zilizochongoka na sitaki yakate satini. Kijana wa Makoroboi amesema mzigo mpya unafika katikati ya wiki. Bruchi ya namba 60 nimeisuka kwa mlazo, juu ya mbili chini ya mbili, na kila mstari ukisogea hatua moja, kwa sababu uso wa milimita 38 una nafasi ya kuonyesha mshazari. Dhahabu imebaki ya kutosha, bluu itabidi niongeze mita chache, na nitauchukua utepe kutoka robota la namba ile ile ya rangi ili isipishane na ya hereni.